Mnufaika wa Kwanza wa Makontena ya Luzira

Siku Safinah alipokabidhiwa nyumba, alikabidhiwa pia fulana ya kijani yenye maandishi makubwa kifuani: NIMEPATA MAKAZI. Fulana ilishonwa kwa mtu wa miraba minne, naye Safinah ni mwanamke mwembamba, mjane wa Kinubi, asiyetoka nje bila kujitanda gurbaba yake, shuka la wanawake wa Kinubi. Akaivaa juu ya gurbaba kama alivyoagizwa, akasimama mbele ya kontena karibu na mheshimiwa aliyekuja kukata utepe, juani, akapigwa picha mpaka macho yakamtoka machozi. Gazetini wakaandika kwamba alilia kwa furaha.

Kabla ya hapo alikuwa akilala kwenye baraza ya mafundi cherehani, soko la Nakawa. Si kwamba alizaliwa barazani. Alikuwa na chumba chake cha kupanga nyuma ya soko, alikoishi na marehemu mumewe na kumlea binti yao Lailah mpaka akaolewa Arua. Mchana alisuka tabaga, vile vifuniko vya ukili vya rangirangi ambavyo Wanubi hufunikia sinia la chakula, na wateja wake walikuwa wakimfuata mpaka mlangoni. Kisha kiwanja kikapata mwenyewe mpya, mwenyewe mpya akaleta tingatinga, na asubuhi moja Safinah akajikuta amekaa juu ya godoro lake katikati ya uwanja mtupu. Lailah alimwita kwa simu aende Arua. Hakwenda. Mkwewe alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na chumba kimoja, na mama yake mzazi alikuwa ameshakiwahi.

Ndipo lilipokuja Shirika la Dari Njema, likiongozwa barazani na kijana aitwaye Travis. Huyu alikuwa mtoto wa Kampala hii hii, mwenye kitambulisho kirefu shingoni na raba nyeupe ambazo alizikingia matope kwa kutembea kama kuku. Kila mwenye mvi alimwita Jjajja, kama Waganda wanavyomwita bibi au babu.

"Jjajja," alimwambia Safinah baada ya kumtazama kwa muda, "uso wako una hadithi."

"Una njaa pia," Safinah akamjibu.

Travis alifurahi sana, akayarekodi maneno hayo. Hivyo ndivyo Safinah alivyopata kuwa mnufaika wa kwanza.

Makontena yalipangwa safu moja kando ya barabara ya Port Bell, upande wa Luzira, yakapakwa rangi za peremende. Yalikuwa yamekwisha kuzunguka dunia na kila moja lilikuja na kumbukumbu zake. La Safinah lilikuwa limebeba sabuni, akashukuru. La jirani yake, Ongom, lilikuwa limebeba samaki wakavu, na paka wa Luzira nzima walikuwa na habari. Ongom alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka Gulu, mrefu, mwenye adabu, ambaye ndugu zake walikuwa wamegawana shamba la baba yao huku yeye yuko vitani, kila mmoja kwa kuamini kwamba hatarudi. Alimwita Safinah Mama Lailah, naye akamwita Afande. Walizungumza Kiswahili, maana Ongom alikipata jeshini na Safinah alikipata kwa baba yake, aliyekuwa jeshini vilevile.

Kasoro ya nyumba ile ilionekana siku ya kwanza. Ubavu mzima wa kontena, ule unaotazama barabara, wataalamu walikuwa wameuondoa na kuweka kioo. Safinah alitundika shuka. Travis akaja mbio.

"Jjajja, shuka hapana. Wafadhili wetu wanapenda uwazi."

"Uwazi wa hesabu zenu au uwazi wa chumba changu?"

"Vyote, Jjajja. Ni maadili ya shirika."

Wakakubaliana shuka ishuke tu wakati wa kulala na wakati wa kubadili nguo, na kwamba wageni wakija itaondolewa. Basi wageni walikuja! Walikuja wanafunzi wa chuo, wakaja watu wa benki, wakaja wachungaji na masheikh katika basi moja kwa ajili ya umoja wa dini. Walisimama nje ya kioo, wakamtazama Safinah akisuka ukili, wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja alimwomba aonyeshe jinsi anavyolala. Alipowaambia kwamba mchana halali, Travis alimkonyeza, naye Safinah akajilaza kitandani kidogo kwa ajili ya maendeleo.

Ukweli ni kwamba mchana hakuna aliyeweza kukaa mle ndani. Jua likipanda, bati liliwaka, na kioo kikafanya kazi ya kioo. Kupika ndani kulikatazwa, ingawa Ongom alisema ingetosha kuweka sufuria sakafuni na kusubiri. Wakazi wote walihamia nyuma, kwenye kivuli cha nyumba zao wenyewe, wakafuata kivuli kinapokwenda, huku mbele vyumba vikibaki vitupu na vya kupendeza.

Mwezi wa pili, jua lilipokuwa kali kabisa, Ongom aliingia ndani kutafuta dawa yake ya presha na hakutoka. Safinah alimsubiri, akamwita, kisha akaenda kuchungulia kwenye kioo kama mgeni wa shirika. Afande alikuwa chini, mkono mmoja chini ya kitanda. Safinah alifungua mlango, joto likampiga usoni kama tanuri la mkate. Akamshika Ongom chini ya makwapa na kumburuta, mwanamume wa kimo kile, akipiga kelele mpaka majirani wakaja kumsaidia. Walimlaza kivulini, wakammwagia maji. Alipofumbua macho aliuliza kama adui amerudi nyuma.

"Amerudi nyuma, Afande," alisema Safinah. "Kunywa maji."

Shirika lilichukua hatua haraka. Travis alileta mabango yenye mchoro wa mtu anayetabasamu na glasi ya maji, akabandika moja ndani ya kila kontena. Safinah alilitazama lake mpaka hasira zikaisha. Kisha akamwambia Ongom kwamba yeye hakubali kufia mle ndani, kwa sababu atakufa watu wakimwangalia.

Njia ya kutoka ililetwa na watu waliokosea. Kampala nzima inajua kontena lililopakwa rangi kando ya barabara ni nini: ni duka. Tangu wiki ya kwanza waendesha bodaboda walikuwa wakisimama.

"Mama, soda baridi iko?"

"Hapa ni nyumba, mwanangu."

"Nyumba?" Walitazama kioo, wakamtazama yeye na tabaga zilizotundikwa ukutani, kisha wakauliza tena, "Sasa hata maji hamna?"

Walimwuliza kama ana muda wa maongezi wa simu, kama anachaji betri, kama nyanya zimeisha. Mama mmoja aliyeshuka na gari akaingia bila hodi, akachagua tabaga mbili na kulalamika kwamba bei haijaandikwa. Alipoondoka, Ongom, ambaye tangu aanguke alikuwa akitafakari kuliko kawaida, alisema, "Mama Lailah, watu hawa wote hawawezi kuwa wamekosea. Nadhani sisi ndio tumekosea."

Wakatoa kitanda cha Safinah na kukisimamisha nyuma. Asubuhi, kabla bati halijapata moto, alipika chai ya tangawizi na mandazi kwenye jiko la mkaa pale nje. Jua likipanda alihamisha mabenchi kivulini pamoja na wateja. Kioo, ambacho kwa nyumba kilikuwa balaa, kwa duka kilikuwa neema: tabaga zilionekana kutoka mbali. Ongom alinunua mashine ya kunyoa, akakumbuka kazi aliyoifanya kambini. Manukato ya kinyozi yalipigana na harufu ya samaki na kushinda, isipokuwa siku za mvua. Muda si muda, safu nzima ilikuwa inauza kitu. Safinah alipanga chumba cha matofali Kitintale, mtaa wa jirani, kwa mwanamke aitwaye Halimah. Ongom akapata kingine ua uleule. Kuhusu Travis, hakuna aliyemficha lolote. Alikuwa akinywa chai pale kila siku na hakuuliza kitanda kimekwenda wapi.

Aliuliza siku aliyopigiwa simu kwamba wafadhili wenyewe wamekwisha kutua Entebbe.

"Jjajja, nakuomba! Rudisha kitanda! Vaa fulana!"

Safinah alimwonea huruma. Kijana alikuwa na jasho mpaka kwenye kitambulisho. Wakarudisha kitanda, wakaficha birika chini yake, na Ongom akakalishwa kontenani mwake akiwa ameshika bango la glasi ya maji kana kwamba analisoma.

Wageni walisimama mbele ya kioo. Mkurugenzi wa shirika alianza hotuba juu ya heshima ya kulala mahali pako mwenyewe. Katikati ya neno heshima akaja mwendesha bodaboda, akapenya kati ya suti, akagonga kioo kwa ufunguo.

"Mama Safinah! Leo chai hamna? Na kinyozi naye mbona mmemfungia?"

Mgeni mkuu, mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, aliuliza mtu yule anasema nini. Travis alijibu kwa Kiingereza chake kizuri kwamba ni jirani, amekuja kumjulia hali bibi.

"Kumbe," alisema yule mama, kwa Kiswahili safi cha mtu aliyefundisha Iringa miaka mingi. "Mimi nilisikia chai." Akaingia ndani, akaketi kitandani, joto likamfanya ashike shavu. "Mama, shikamoo. Unalala hapa?"

Safinah alimtazama Travis, ambaye alikuwa amefumba macho. Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Marahaba, binti yangu," alisema. "Hapa nafanya kazi. Nalala Kitintale, kwenye matofali. Humu mtu hulala mara moja tu, asiamke. Muulize Afande pale, anayesoma."

Akainama, akatoa birika chini ya kitanda. Mgeni mkuu alikunywa chai yake nje kivulini, kisha akamwendea Ongom na kumtaka asimulie, naye akasimulia kwa utaratibu wa kijeshi.

Safinah alirudi nyumbani akijua kwamba amefukuzwa. Hakufukuzwa. Juma lililofuata Mkurugenzi alitangaza kwamba biashara ndiyo iliyokuwa hatua ya pili ya mpango tangu mwanzo, na mheshimiwa akaja kukata utepe mwingine. Travis alipandishwa cheo. Kuhusu nyumba za kulala, shirika lilisema linatafuta wataalamu. Na katika baraza ya mafundi cherehani kule Nakawa, wenzake Safinah waliendelea kuwasubiri wataalamu hao, wakiwa wamejifunika magunia. Jumatatu jioni Safinah huwapelekea mandazi yaliyobaki. Adong, mmoja wao, alimwuliza kama yale makontena ni mazuri.

"Kwa mandazi ni mazuri sana," Safinah alimwambia, akamwita aje kumsaidia kazi ya chai.

Siku ya utepe wa pili hakuhudhuria. Alikuwa uani Kitintale akigombana na Halimah juu ya zamu ya bafu, maana wapangaji wengine walikuwa wamepita mbele yake.

"Wewe mgeni hapa, utangoja!" Halimah alisema.

"Mgeni gani analipa kodi?" Safinah akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, ndoo mkononi, na hakuondoka mlangoni pa bafu mpaka zamu yake ilipofika.