Mchezaji Asiyekula Mshahara Wake

BARAKA. Jua linapochomoza ng'ambo ya ziwa, Kulthumu Ramazani tayari ameinama mchangani, anageuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwa ufagio na kuwatukana kunguru. Kando ya magunia yake ya chumvi kuna kibuyu cha maziwa ya mgando kilichoshuka jana kutoka milimani. Kila anapokifikia anakizunguka kwa mbali, kama kitauma.

"Nitakunywa," anasema. "Kwanza nimalize kazi."

Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni samaki. Ya pili ni timu ya mpira wa kikapu ya Baraka, na kiangazi hiki, ligi ikiwa imesimama, ndiye anayeamua nani abaki, nani aende, na kila mmoja alipwe nini.

Timu hakuiomba. Kiwanda kilichokuwa kikiwalisha wachezaji kilipofungwa, mama huyu wa watoto watano ndiye aliyekuwa na kelele kuliko wote pembeni mwa uwanja. Komiseri wa zoni, mkuu wa serikali hapa, akachoka naye. "Sitoyeni, mwananchi, kwa kuwa unajua sana, chukua wewe," akamwambia mbele ya watu. Komiseri akishasema, hajibiwi.

Noti za zaire anazopata kwa samaki huishia kwenye chumvi na karo, kwa hiyo huwalipa wachezaji kwa ndagala: debe moja kwa mwezi, mawili kwa nahodha. Nahodha ni Saleh, mdogo wa mumewe, ambaye goti lake limestaafu kabla yake.

Mwaka huu taabu ilikuwa Gisaro, kijana wa wafugaji wa juu milimani, mrefu kuliko milango yote ya Baraka. Akiingia nyumbani kwa Waridi, msusi wa mikeka aliyempa chumba, hugonga kizingiti, kisha hukiomba radhi. Timu moja ya mji wa Uvira ilimtaka, tena kwa pesa taslimu. Na komiseri alikwisha kusema: mkishindwa tena, uwanja unapandwa muhogo.

Kulthumu akampandishia hadi madebe mawili. Gisaro akashukuru, akanyong'onyea. Matatu. Akashukuru kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Ili kulijaza debe la tatu, Kulthumu ilibidi anunue sokoni. Ndagala za bei nafuu alizikuta kwa Waridi, ambaye hajawahi kuanika hata samaki mmoja. Akaonja. Zilikuwa na pilipili, ile anayonyunyiza Kulthumu peke yake kufukuza nzi.

Waridi hakuficha. "Ni mushahara ya Gisaro, ndugu yangu. Kila mwezi ananiletea, amefunga pua."

Kulthumu alikwenda moja kwa moja uwanjani.

"Mutoto wangu, samaki yangu iko na ubaya gani?"

Gisaro akaitazama miguu yake, ambayo kwake iko mbali. "Mama, sisi kule juu hatukulake samaki. Hata harufu inatushinda."

"Na mwaka muzima unapokea?"

"Ulinipa na mikono mbili. Ningekatala namna gani?"

Akamuuliza anataka nini basi. Chumvi, akasema. Ng'ombe wa baba yake huilamba, na huko juu ni adimu. Pesa za Uvira alizitaka kwa ajili hiyo tu.

Mazungumzo yote ya mshahara Kulthumu alikuwa ameyafanya amekalia gunia la chumvi.

Walipatana magunia mawili kwa msimu. Ili yapatikane, Saleh alivuliwa unahodha na debe lake la pili, akafanywa kocha.

"Shemeji, unanitosha, unanifukuza, sababu ya ng'ombe?" alilalamika.

"Ng'ombe anakulaka chumvi tu. Weye unakulaka debe mbili, na hauruki."

Saleh aliondoka akichechemea. Kisha akaja kuuliza kama kocha hukaa mbele kwenye lori la timu, karibu na dereva. Hukaa, akajibiwa, na mambo yakaisha.

Gunia la kwanza lilipanda mlimani, kibuyu kikashuka, pamoja na ujumbe: mzee ameshukuru, na ana wana wengine wawili nyuma ya Gisaro, warefu kumzidi.

Sasa Gisaro mwenyewe amefika mchangani. Anakiokota kibuyu na kumpa Kulthumu, kwa mikono miwili. Mama huyu wa pwani ya ziwa, ambaye hajawahi kuvumilia hata harufu ya maziwa yaliyoganda, anaweka ufagio chini, anapangusa viganja, anapokea kwa mikono miwili na kunywa, macho amefumba.

"Iko nzuri," anasema, machozi yakimtoka.

Akipata pumzi anaeleza mpango wake: kiangazi kijacho ndugu wote watatu wawe Baraka, na muhogo ukatafute shamba lingine. "Lakini hao wawili, mbele ya kushuka, uwaulize banakulaka nini."

Gisaro anacheka kwa furaha. Baba, anasema, ameahidi kuleta kibuyu kila mwezi.

Kulthumu anashukuru sana. Kisha, kibuyu mkononi, anageuka kuitazama nyumba ya Waridi.