Siku Nilipomsema Mama Mkwe Angani

Leo naweza kuisimulia kwa sababu mwenyewe amenisamehe, lakini jamani, siku ile ardhi ingepasuka ningeingia na viatu vyangu.

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga kututembelea hapa Langley Park, Marekani, na mimi kwa kupenda sifa (mke wangu Rukia anasema sifa zitanimaliza) nikamwambia kwamba rafiki yangu Kamau anarusha ndege ndogo na mara nyingi ananiachia usukani. Uongo mtupu, ndege ya aina ile sijawahi hata kuigusa. Sasa Jumamosi moja Kamau akanialika kweli, twende mpaka baharini, tufuate ufukwe, turudi, na mama mkwe akasema lazima ashuhudie, basi akaja na Rukia na binti yetu Salma, wakaketi kwenye chumba cha kusubiri cha kile kiwanja kidogo, sisi tukapaa.

Mandhari yalikuwa mazuri sana, naambiwa. Mimi nilifumba macho tangu tunavuka ghuba ya Chesapeake mpaka Kamau aliponipiga kiwiko: "Buda, fungua macho, cheki farasi!" Nikachungulia, na kweli, farasi wa porini walikuwa wanatembea mchangani, mawimbi yanawalowesha kwato, na ule ufukwe mweupe umenyooka hauna mwisho. Nikasahau woga kwa dakika mbili nzima.

Tunarudi, kiwanja kimeshaanza kuonekana, nikakumbuka sina picha ya ushahidi. Mbele yangu kulikuwa na usukani wa pili. Kamau akasema haya, shika, ila usivute. Nikashika kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili, na hapohapo upepo ukatutikisa, nikaung'ang'ania ule usukani, kidole gumba kimekandamiza kitufe ambacho mimi nilidhani ni urembo.

Woga ukanifungua mdomo. "Kamau ndugu yangu, shusha taratibu, na ukimwambia mama mkwe nilifumba macho urafiki umeisha! Halafu yule mama, samaki wake wa nazi ana chumvi kama bahari yote ile, kila siku namwambia mtamu, akigeuka nampa paka wa jirani, na paka mwenyewe siku hizi ananikimbia!" Kisha nikaanza kusoma dua zote ninazozijua, kwa sauti.

Kamau alikuwa anacheka mpaka alipoona taa ndogo inawaka kwenye redio. "Wee! Toa kidole! Uko hewani!"

"Si tuko hewani wote?"

"Redioni, bwana! Kila rubani wa hapa karibu amekusikia!"

Nikajifariji kwamba Wazungu hawajui Kiswahili. Tukatua, nikashuka kifua mbele, na mzee wa Kimarekani anayeangalia kiwanja akanijia, akanishika mkono kwa huruma, akaniambia pole sana kwa habari ya wale samaki.

Kumbe mle chumbani kuna spika inayotoa kila kinachosemwa redioni, na Salma wangu (ambaye Kiswahili anakielewa chote ila hujibu Kiingereza tu) alikuwa amewatafsiria watu wote neno kwa neno, mpaka paka.

Mama mkwe ameketi, mkoba mapajani.

"Shikamoo mama," nikasema, ingawa asubuhi nilishamwamkia.

"Marahaba, rubani." Akaurekebisha mkoba. "Kwa hiyo hata paka anamkimbia samaki wangu?"

Nikatazama viatu. Kuinua macho, naona mabega yake yanatikisika, mdomo kauziba kwa mtandio, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Baba Salma, siku ya kwanza ulisifu sana, nikadhani unapenda chumvi, nikawa nazidisha kwa ajili yako! Mwenzio samaki huyo namla nikimteremsha kwa maji!"

Tangu siku hiyo nimeapa, chakula kisiponipendeza nasema palepale mezani, na kwenye ndege mikono yangu inakaa mapajani. Lakini nimechelewa, maana mama mkwe alipiga simu Tanga kabla hatujafika hata kwenye gari, na ukoo mzima sasa unaniita Rubani.