Benchi la Ambokile

Iko siku moja ambayo hunijia kila ninapokaa kuchambua maharage, mwanangu, na ikishanijia, maharage huharibika, maana mabovu nayatia chunguni na mazima nawatupia kuku. Ni siku ya baridi kali, ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye mabati ya nyumba zetu hapa Mbeya, na mwanamume mmoja amesimama mlangoni pa ofisi yangu, kofia mkononi, ananiomba chepeo mbili.

Nimeikumbuka tena juzi uliponipigia simu kutoka Iringa. Ulikuwa na furaha, na mimi nilifurahi kukusikia. Ukaniambia tangu wakuchague kuwa mwenyekiti, mtaa wako sasa umenyooka. Asiyefika kwenye usafi wala kwenye mikutano, jina lake linawekwa kwenye kundi la WhatsApp watu wote walione, na akija kutaka barua ya utambulisho anaambiwa asubiri kwanza. Ukasema yupo baba mmoja muuza mkaa, hajaonekana hata mara moja, na sasa anataka barua ya kufungulia akaunti benki. Ukaniuliza, "Mama, si sawa nikimnyima?" Nikakujibu kwamba mtandao unakatika. Haukuwa unakatika, Tusa. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Sasa nimepapata, kaa unisikilize.

Mimi nilichaguliwa wewe ukiwa ungali mgongoni. Wanaume wa mtaa walisema mwanamke atatawaliwa na machozi, akiona mtu analia na yeye analia, na shughuli za mtaa zitalala. Basi nikajiapiza kwamba machozi yangu nitawaachia vitunguu. Kazi yenyewe unaijua sasa: kesi za kuku na mipaka, mtaro ulioziba, taa ya barabarani iliyokufa, watu wa halmashauri wanaosema watakuja kesho, na muhuri unaotembea nao kwenye mkoba kama dawa ya pumu. Nilizifanya zote kwa uso mkavu. Nilikuwa sina hata miaka thelathini na tano na nilitembea kama mkuu wa mkoa. Baba yako alikuwa akinicheka chinichini, na mimi najifanya sijasikia.

Katika mtaa wetu msiba ulikuwa wa wote. Mtu akifa, wanawake hujifunga khanga wakaenda kupika, vijana wakaenda makaburini kuchimba. Mtaa ulikuwa na stoo yake, na ndani yake maturubai mawili, mabenchi, sufuria zile kubwa za kupikia mchele wa watu mia, sululu na chepeo. Ufunguo wa stoo ulikaa kwangu, kwenye kamba moja na ufunguo wa nyumba.

Sasa vijana walinung'unika, na haki walikuwa nayo. Wao ndio waliokuwa wakichimba kwenye mvua, udongo mwekundu umewaganda mpaka magotini, halafu wenye magari wanatokea wakati wa kula. Siku ya mkutano kijana mmoja akasimama, akasema, "Mwenyekiti, sisi tumechoka bwana! Mtu kama hatuziki na sisi tusimzike. Asiyekuwepo na lake halipo!" Makofi yakapigwa. Nikaitisha mikono, na mikono ikanyooka mtaa mzima. Hata Mzee Shabani alinyoosha wa kwake. Huyu alikuwa mjumbe wa kamati yangu, muuza vitambaa ambaye babu yake alikuja huku kutoka Pwani na mzigo wa shuka, mtu mpole, haendi mahali bila kofia yake ya kufuma. Ikawa sheria ya mtaa: asiyeshiriki misiba ya wenzake, akifiwa hapewi turubai, hapewi sufuria, na vijana hawachimbi.

Nakuambia kweli, tuliitunga tukiwafikiria wenye magari. Lakini hao hawakuihitaji stoo yetu. Walikuwa na pesa ya kukodi maturubai meupe yenye maua. Mtego tuliutega kwa ajili ya nyati, akanasa sungura.

Sungura mwenyewe alikuwa Ambokile. Alikuwa kibarua wa gari la kunyonya vyoo, lile la halmashauri, yeye ndiye wa kuburuta bomba na kulishusha shimoni. Hakuna nyumba mtaani kwetu ambayo hakuingia uani kwake, hii yetu pia. Gari likitokea kwenye kona watu walifunga madirisha, watoto wakaziba pua na kuimba, na Ambokile alikuwa akiwapungia mkono. Hakuwa na mke. Aliishi na mama yake mzazi, mgonjwa wa muda mrefu asiyetoka kitandani, na kwao Rungwe hakukuwa na mtu aliyebaki wa kumrudishia.

Asubuhi hiyo ya ukungu alisimama mlangoni, hakuingia.

"Habari za asubuhi, Mwenyekiti."

"Nzuri, kaka Ambokile. Pita ndani."

"Hapa panatosha," akasema. "Mama ametutoka. Usiku wa kuamkia leo."

Nikampa pole, na pole ile ilikuwa ya kweli. Nikamwandikia kibali cha mazishi papo hapo, nikapiga muhuri. Akakipokea kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, Mwenyekiti," akashukuru kwa Kinyakyusa. Lakini hakuondoka, na mimi nilijua anasubiri nini.

"Kaka," nikamwambia, "mtaa uliamua, na wewe unajua. Hujatokea kwenye msiba hata mmoja. Mimi siwezi kuvunja neno la mkutano."

"Nilikuja, Mwenyekiti," akasema taratibu.

"Lini?"

Akaigeuzageuza kofia yake mkononi. Nikaona anataka kusema, kisha akaacha. "Basi tu. Naomba chepeo mbili, za kuazima. Mwenzangu wa kwenye gari yuko nyumbani, tutachimba sisi."

Nikamjibu kwamba chepeo nazo ni mali ya mtaa.

Ndiyo, mwanangu, nilisema hivyo. Usinitetee. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka, akavaa kofia, akaenda zake. Na mimi nikabaki nimekaa nimenyoosha mgongo, nikijisifu moyoni kwamba wale wanaume sasa wameona: mwenyekiti mwanamke, na machozi hayakumyumbisha.

Haukupita muda mrefu akaingia Mzee Shabani. Duka lake alikuwa amelifunga, jambo ambalo hakulifanya hata siku za mvua ya mawe. Kanzu ameikunja mpaka magotini, chini amevaa mabuti ya mpira.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kuna chepeo humo ndani?"

"Za nini, mzee?"

"Nakwenda makaburini. Wako wawili tu kule, na chepeo wameazima moja kwa mafundi ujenzi. Mmoja anachimba, mwingine anangoja."

"Lakini mzee, mtaa uliamua. Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Mkono niliunyoosha," akasema. "Leo nimekuja kuushusha."

Nilitaka kumweleza habari za kanuni, na kwamba tukimwachia mmoja watakuja kumi, lakini aliniwahi.

"Yule bibi aliyelala pale hakuvunja neno la mkutano wako. Na mwanawe ulimuuliza kwa nini haji?"

"Anasema alikuja."

"Alikuja," akasema Mzee Shabani, na hapo akakaa, maana miguu yake haikuwa ya kusimama sana. "Matanga ya marehemu mama Neema. Alioga, akavaa lile koti lake jeusi, akakaa kwenye benchi pamoja na sisi wanakamati. Mimi nikahamia upande wa pili, nikasingizia jua. Mwingine akasema anakwenda kupokea simu. Mwisho benchi likabaki lake peke yake, watu wote tumebanana kwenye mabenchi mengine kama mihogo kwenye gunia. Akakaa kidogo, akainuka, akaenda. Tangu hapo hajaja tena. Sasa nani hakumzika mwenzake, Mwenyekiti, yeye au sisi?"

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningepata pa kujitetea. Nyani haoni kundule, na mimi la kwangu nilioneshwa asubuhi ile. Maana nilikumbuka, mwanangu. Nilikuwa kwenye benchi lile. Mwenyekiti hukaa mbele na kamati, hakai mkekani na wanawake wenzake. Ambokile alipokaa, nafasi iliyokuwa kati yake na mimi haikutosha hata kuku kupita. Nikawaambia walio karibu yangu, "Ngojeni, mtoto analia," nikainuka nikaenda upande wa jikoni.

Wewe hukuwa umelia. Ulikuwa umelala fofofo mgongoni kwangu.

Nilikwenda stoo, nikafungua. Mzee Shabani akachukua chepeo na sululu, akatangulia. Mimi nikajitwika turubai kichwani, wewe mgongoni, nikaukata mtaa wote katikati huku watu wananitazama. Sikutangaza kitu, na sikumsimamisha mtu kumweleza. Mama mmoja akaniuliza kwa nini mwenyekiti anabeba turubai peke yake, nikamjibu, "Kwa sababu nina mikono." Akaingia ndani, akatoka na khanga kiunoni, akashika pembe ya pili. Tulipofika kwa Ambokile tulikuwa wanawake sita. Mchele ukatoka nyumba hii, maharage nyumba ile. Na yule kijana wa "asiyekuwepo na lake halipo," nilimkuta baadaye makaburini yuko shimoni mpaka mabegani, anamwambia Mzee Shabani, "Babu, toka bwana, utatuanguka humu tuchimbe na lako." Hawakuja wote, nisikudanganye. Wapo waliofunga milango. Lakini bibi yule alizikwa na watu, mchungaji akasoma, nyimbo zikaimbwa, na Mzee Shabani alisimama pembeni kofia yake ya kufuma imeloa ukungu, akiomba kwa namna ya kwao.

Tuliporudi, Ambokile alikaa kwenye benchi chini ya turubai, mwisho kabisa, amevaa koti lile jeusi. Mabenchi mengine yakajaa, la kwake likabaki tupu. Watu hawakuwa na nia mbaya safari hii, ni mazoea tu, na mazoea yana tabu. Nikaenda nikakaa. Sikukaa upande ule mwingine wa benchi, nilikaa hapohapo, bega kwa bega. Na unajua alinukia nini? Sabuni ya mche, mwanangu. Sabuni tupu, ile ya vipande, kama shati lililoanuliwa sasa hivi. Sijui ile siku ya kwanza tulikimbia nini.

Akanitazama, akasema, "Mwenyekiti, mtoto halii leo?"

Alikuwa anajua. Siku zote alikuwa anajua, na bado ofisini kwangu aliona haya kunisema. Hapo vitunguu vyangu vyote vikanisaliti, nikalia mbele ya wapiga kura wangu, na wewe ukaamka ukalia kweli. Ambokile akakutoa mgongoni, akakupakata. Mzee Shabani akaja akakaa upande wake wa pili, kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka benchi likaanza kupinda.

Mkutano uliofuata niliitisha mikono tena, na sheria ile ikafutwa. Ambokile hakugeuka kuwa mtu wa maneno mengi, na misiba mingine hakuja kwa sababu alikuwa kazini, akiingia kwenye yale tusiyotaka kuyaona. Lakini akija, alipata pa kukaa.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwenyekiti wangu. Methali ile ya asiyekuwepo ni ya kweli, ila wanaoipenda ni wale waliopo. Mtu asipokuja, kabla hujamuuliza kwa nini haji, jiulize alipokuja tulimfanya nini. Huenda muuza mkaa wako ni mvivu tu. Wavivu wapo, nami nimezaa mmoja, kaka yako. Lakini huenda alikuja siku moja na masizi yake, mtu akakung'uta gauni. Kundi la simu halitakuambia hilo. Jina lake litoe humo leo, barua yake mpe, maana muhuri ulipewa umtambulishe mtu, hukupewa umtie adabu. Kisha nenda kwake mwenyewe, piga hodi, na akikukaribisha, usichague kiti cha mbali. Watu wa mtaa watakusema kwamba u mlegevu. Waache waseme, mimi walinisema, na wakanichagua tena.

Nakuombea, Tusa wangu. Mungu akupe masikio marefu na ulimi mfupi. Akupe wazee wasioona haya kushusha mikono yao. Na zaidi ya yote akupe makalio mazito, mwanangu, ili ukishakaa karibu na mtu usiwe mwepesi wa kuinuka.