Boke na Shamba la Kidato cha Pili

Boke Wangwe wa Nyamwaga alikuwa na ng'ombe wanne, migomba ya kutosha na mdomo usiojua kukaa kimya. Shamba lake lilipakana na la shule ya sekondari. Miaka hiyo kila shule ilitakiwa kujitegemea kwa jembe, lakini wanafunzi walilima kama watu waliohukumiwa. Mahindi yao yalikuwa ya njano, na kila mvua iliponyesha udongo uliteremkia mtoni.

Siku moja, mwishoni mwa 1973, Boke alishindwa kuvumilia. Akacheka mpaka Mwalimu Nikolaus, aliyefundisha kilimo, akasogea mpakani.

"Mama, unatucheka?"

"Nawacheka, mwalimu. Matuta yenu yanashuka na mteremko. Mnayachimbia maji barabara ya kwenda mtoni!"

Nikolaus hakukasirika. Alikuwa na cheti cha chuo, lakini pia alikuwa na macho, na mahindi ya Boke yalimzidi kimo. Shule ilipofunguliwa Januari, akamwalika kufundisha Kidato cha Pili.

Wanafunzi walimwamkia shikamoo, kisha Mokami, kiranja wa shamba, akanong'ona, "Mama huyu atatufundisha nini sisi?"

Boke akasikia. "Njoo wewe. Beba debe la maji, upande juu, umwage."

Mokami akamwaga. Maji yakashuka mbio kati ya matuta, yakafika chini mekundu. Boke akashika jembe, akainua tuta moja lililokingama mteremko, akatandaza mabua juu yake.

"Mwaga tena."

Maji yakafika kwenye tuta, yakasimama, ardhi ikayanywa polepole. Kisha Mokami mwenyewe akapiga kelele, "Tena, mama!" Siku ile walimwaga madebe tisa, wakarudi bwenini na matope mpaka masikioni.

Kwa mwezi mzima walipindua shamba lote. Samadi ilitoka zizini kwa Boke, ila yeye hakubeba hata karai moja. "Mikono ni yenu," alisema. Walibeba wakiimba kwa Kikurya, na Rispa, msichana wa Kijaluo kutoka Sirari, akichomeka maneno ya kwao.

Mvua kubwa ya Machi ilianza wakati wa kipindi cha hesabu. Darasa zima likatoka bila ruhusa, likakimbilia shambani. Boke alikuwa ameshafika, kitenge kimelowa chapachapa, anacheza. Nyuma ya kila tuta maji yalikuwa yametulia.

"Mmeona? Mmeona, wanangu?"

Wakamvamia, wakacheza naye mpaka mwalimu wa hesabu naye akavua viatu.

Mwaka ule shule ilikula ugali wa mahindi yake yenyewe, na Boke akapewa kipindi kila Jumatano. Baada ya likizo ya Juni akatokea mama mmoja mnene, amebeba jogoo kwapani.

"Mimi ni Dorka, mama yake Rispa. Ni wewe uliyemfanya mwanangu apindue shamba langu lote?"

"Ni mimi," akajibu Boke, akirudi nyuma kidogo.

"Basi shika huyu jogoo," akasema Dorka, "halafu nionyeshe na mambo ya migomba."