Jina Nililoipa Ruta Siku ya Dua ya Baba

Heri niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana hapa Garissa kisa kikitoka nyumbani hufika sokoni kabla mwenyewe hajavaa viatu: mimi ndiye niliyewatukana watu waliokuja kunipa pole kwa kifo cha baba yangu, nikawatukana wote kwa pamoja, hadi mzee aliyesafiri kutoka Habaswein, na mdomo sikuufungua. Nilitumia ruta. Nyinyi mnaweza kucheka, wengi wamecheka, lakini mimi nikiikumbuka siku ile nakasirika upya, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi.

Ruta yenyewe ilikuwa wazo la dada yangu Sahra. Yeye anaishi nchi ya baridi, karatasi zake za ukaazi bado, akitoka hataruhusiwa kurudi kwa watoto wake. Kwa hiyo baba alipoanza kuugua akatutumia fundi, tukafungiwa kile kijisanduku cheupe chenye antena mbili, tukaiegemeza simu ya zamani kwenye mkebe wa maziwa ya unga dirishani, na kila asubuhi baba alizungumza na binti yake kana kwamba yuko chumba cha pili. Baba alipofariki, Sahra aliniomba kitu kimoja tu. Siku ya tatu, wanaume wakishakhitimisha Kurani na sheikh akinyanyua mikono kuomba dua, na yeye asikie kila neno na aitikie amina pamoja na watu.

"Aboowe," aliniambia (ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa), "kaburi lake sijaliona na sijui nitaliona lini. Nibakishie dua."

Nikamwahidi.

Sasa, siku ya kuifunga ile ruta fundi alinieleza vizuri kabisa. Alisema intaneti inaingia kwa waya mmoja, na kazi ya ruta ni kuigawia kila simu iliyoingia, kama bomba la maji la mtaa: mitungi ikiwa miwili inajaa upesi, ikiwa arobaini kila mtu anaambulia matone. Akanionyesha na karatasi iliyobandikwa chini ya sanduku, yenye namba za kuandika kwenye simu ili ufungue ukurasa wa ruta wenyewe, ambapo mtu anaweza kubadilisha jina na neno la siri. Habari ya bomba niliielewa. Yaliyobaki niliitikia kwa kichwa tu (nimeachia shule darasa la saba, na kuitikia kwa kichwa ndiyo elimu niliyoimaliza).

Siku ya kwanza ya taazia binamu yangu Bishar akanijia. "Walaal, ndugu yangu, nipe waifai niwajulishe watu wa Mandera." Mgeni wa msiba kwetu hanyimwi kitu, anapewa chai, anapewa mkeka, anapewa pa kulala, nikampa na neno la siri. Bishar akampa jirani yake, jirani akampa wa kando, na kufika siku ya tatu turubai lote lilikuwa limejaa wanaume walioinamisha vichwa, ungepita barabarani ungesema mashallah, watu hawa wamezama katika Kurani. Wapi! Mmoja anaangalia mpira. Mwingine anaangalia mnada wa ngamia, tena na sauti. Waliokuwa wanasoma ni wazee wachache mbele, nami nimekaa pembeni nikiitazama ile simu ya zamani tuliyoiweka kwenye stuli karibu na sheikh, na ndani yake uso wa dada yangu umeganda, mdomo wazi, kisha unaruka, kisha unaganda tena.

"Aboowe, nasikia vipande vipande," akasema. "Wameanza?"

Moyo ukanichemka. Nilipaswa kusimama na kusema maneno matatu tu, "Jamaa, zimeni waifai," na wangezima, maana si watu wabaya. Lakini mimi si msemaji, na tangu baba aondoke nilikuwa nimenyamaza zaidi, na tena nilikuwa naona haya kumkataza mgeni mbele ya watu. Kwa hiyo nikachagua njia ya kimya. Nikaingia ndani, nikageuza kile kisanduku, nikaandika zile namba, ukurasa ukafunguka. Nikabadilisha neno la siri haraka haraka. Na kwa kuwa hasira haikuisha, nikashuka kwenye jina la mtandao, nikafuta lililokuwepo, nikaandika kwa herufi kubwa: MMEFUATA PILAU NA WAIFAI.

Sikilizeni ujinga wangu. Kwenye simu yangu kuna fundi mmoja wa matofali nimemhifadhi kwa jina la Muongo, na mpaka leo hajui. Nilidhani jina la ruta ni kama hilo, siri yangu na sanduku langu, nitaliona mimi peke yangu na moyo utapoa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ruta haikai na jina lake kimya, kwamba kila nukta inalitangaza hewani kwa kila simu iliyo karibu, iwe imeingia au haijaingia, kama mtu anayepiga kelele mlangoni, "Mimi ni fulani! Mimi ni fulani!" Na tena nilidhani ile simu ya zamani tunayoongelea na dada itabaki hewani kwa sababu ni ya nyumbani. Ruta haijui cha nyumbani wala cha mgeni. Neno la siri likibadilika, wote nje.

Nilirudi turubaini nikakuta vichwa vyote vimeinuka. Kwa nukta chache nilifurahi (naungama, nilifurahi). Kisha nikamwona Adeer Hussein, mdogo wake baba, yule wa kutoka Habaswein, amempa simu yake mwalimu mstaafu aliyekaa kando yake.

"Waryaa mwalimu, nisomee hii. Waifai imeniandikia maneno."

Mwalimu, kwa sauti ile ile aliyofundishia imla miaka yote, akasoma: "Mmefuata. Pilau. Na. Waifai."

Bishar akawahi kunitetea, masikini, hakujua. "Hiyo ni ya jirani. Haiwezi kuwa ya hapa." Akanyanyuka na simu yake juu kama mtu anayetafuta kibla, akatembea hadi getini, watu wote wanamfuata kwa macho. "Hapa mistari imepungua, imebaki miwili." Akarudi pole pole mpaka mlangoni kwetu, mguu wake mmoja ukiwa karibu kukanyaga kizingiti. "Hapa mistari yote imejaa." Akanitazama. Wote wakanitazama.

Adeer Hussein akasimama, akakung'uta kikoi chake cha macawis. "Mimi pilau ya nyumba hii nimeila baba yako akiwa kijana na wewe hujazaliwa," akasema. "Leo nimekuja kumlilia ndugu yangu. Kama chakula kinakuuma, walaahi sitakigusa." Akaelekea getini. Wanne wakamfuata, kisha wengine watatu. Kwetu mtu akisema msiba wako umevutia watu kwa sababu ya sahani, amekutukana wewe. Mwenye msiba kuwaambia hivyo wageni wake, hilo sikuwahi kulisikia kabla ya siku hiyo.

Mtu mwenye akili angewakimbilia na kuwaomba msamaha. Mimi nilikimbilia ruta! Nilitaka kulifuta lile jina kwanza, kana kwamba likifutika watakuwa hawajalisoma. Nimefika, simu yangu nayo imetupwa nje na inadai neno la siri jipya. Nikaliandika. Likakataa. Nikaandika tena, likakataa, kwa sababu nililiandika kwa hasira na sikuangalia vidole vimegusa nini. Nikapiga magoti, nikachomoa pini kwenye mtandio wa mke wangu bila hata kumwomba, nikaichoma kwenye tundu dogo la nyuma ya ruta, lile la kuirudisha ilivyotoka kiwandani, nikaikandamiza mpaka taa zote zikazima.

Hapo simu yangu ikaita. Sahra, kwa laini ya kawaida. Nikakata. "Subiri, natengeneza," nikasema peke yangu. Akapiga tena, nikakata. Akapiga mara ya tatu, nikakata kwa hasira, maana ananivuruga na mimi namtengenezea yeye.

Taa zikarudi. Jina likarudi lile la kiwandani, herufi na namba zisizomtukana mtu. Lakini taa moja ikabaki nyekundu. Nikampigia fundi.

"Umechoma lile tundu?" akauliza. "Basi umeifutia kumbukumbu zote. Hata kampuni inayoileta intaneti haiijui tena. Nitakuja kesho niianze upya."

Na nikiwa bado nimepiga magoti, pini mkononi, nikasikia kutoka turubaini sauti za wachache waliobaki: "Aamiin." Kisha viatu, kisha sahani.

Simu ikaita tena. Safari hii nikapokea.

"Aboowe, dua imeanza?"

"Imekwisha."

"Basi niambie. Sheikh alimwombea nini baba?"

Ningeweza kudanganya. Dua za maiti nazijua, ningemtajia mbili tatu. Nikamwambia kweli: "Sijui. Sikuwepo. Nilikuwa ndani natengeneza ruta."

"Nilikupigia mara tatu," akasema. "Ungepokea tu, ungeiweka simu karibu na sheikh."

Kilio alichokitoa sitakiandika. Nilitoka nje na simu ikiwa hewani, nikamkuta Adeer Hussein bado kando ya barabara anasubiri gari, na mbele ya wale aliotoka nao na wapita njia nikamwambia kwamba jina nililiandika mimi, nisameheni. Alininyang'anya simu. "Sahra, binti ya ndugu yangu, nyanyua mikono," akasema, kisha akanigeukia. "Na wewe mwenye waifai, nyanyua." Akamwombea baba pale pale vumbini, kwa maneno ya mzee asiyesoma, sisi tukiitikia, na dada yangu akiitikia kutoka huko aliko kwa sauti iliyokatika kwa kwikwi, si kwa mtandao. Alipomaliza alinirudishia simu, akapanda gari akaenda zake bila kula.

Amenisamehe, ameniambia hivyo baadaye. Mimi bado. Fundi alikuja akaifufua ruta, nami nimeapa sitagusa tena jina lake wala tundu lake, na mgeni akinikera nitamwambia usoni hata kama sauti itatetemeka. Na Sahra akipiga, niwe nimeshika nini mkononi, nakiweka chini kwanza.