Hotuba ya Ushindi ya Dobi wa Yeongju

Mimi nilikuwa wa tatu. Hilo lieleweke mapema, maana mtaa huu una midomo, na utamkuta mtu akikuapia kwamba nilikuwa wa nne. Wa kwanza alikuwa mkewe, wa pili marehemu mama yake, wa tatu mimi, Mama Eun-sil mwenye saluni. Nazungumzia orodha ya wanaoshukuriwa katika hotuba ya ushindi ya Guk Sang-pil, dobi wa mlango wa pili hapa Yeongju, ambaye sote tunamwita Baba Mi-ran.

Kwetu, kila Desemba magazeti hupokea hadithi za watu wasiojulikana, na Januari mosi hutoa ile iliyoshinda, pamoja na picha ya mshindi na maneno yake ya shukrani. Ukishinda, wewe ni mwandishi mpaka unazikwa. Usiposhinda, wewe ni dobi. Baba Mi-ran alikuwa amepeleka mara kumi na tisa kwenye gazeti lilelile kubwa la Seoul, na mara kumi na tisa akarudi kwenye pasi yake.

Sasa wenzake huanza na hadithi. Yeye alianza na hotuba. Alisema inamfungua mkono. Hotuba za wengine huwa mistari kumi, na mitano ni ya kumshukuru mwalimu. Ya kwake, ilipofika mwaka 1994, ilikuwa kurasa sitini, kwa sababu kila mwaka aliongeza watu na hakuweza kumtoa hata mmoja. Umtoe nani? Mwenye bucha akisikia katolewa, utakula mifupa mwaka mzima. Na sisi, tusidanganyane, tulijua kuishi na jambo hilo. Bwana Bong muuza tofu alimpelekea ya moto kila asubuhi. Mimi nilimkata nywele mbele ya foleni, na wanawake wanune watakavyo. Kila Novemba alitugawia hadithi tuisome, na sote tulimwambia kwa kauli moja, "Baba Mi-ran, mwaka huu ni wako!"

Mwaka wenyewe wa fasihi mtaani kwetu ulikwenda hivi. Januari tulisoma hadithi iliyoshinda na kuitukana. Masika Baba Mi-ran hakuongea na mtu. Kiangazi aliandika. Na kiangazi cha 1994, we, lilikuwa joto la kuchemsha mayai barabarani. Nilifungua madirisha yote ya saluni, na harufu ya dawa ya kutia nywele mawimbi ikavuka ukuta ikaingia kwa dobi, kwenye suti ya bwana harusi mmoja. Siku ya ndoa, bwana harusi akanuka kama mama yangu mkubwa. Baba Mi-ran akaja kunifokea mbele ya wateja.

"Mama Eun-sil, wewe ni jirani au ni balaa?"

"Na wewe ni dobi au ni mtunzi?" nikamjibu. "Ungekuwa dobi ungeipeleka suti mapema!"

Nakiri, lile lilimchoma. Baada ya wiki mkewe, Mama Mi-ran, akaninong'oneza tukiwa sokoni, "Mwenzangu, umeshushwa. Ugomvi wenu ameuandika wote humo, na sasa uko wa ishirini na saba."

"Nyuma ya nani?"

"Ya Bwana Bong."

Nyuma ya muuza tofu! Mimi niliyemzalisha huyo Mama Mi-ran kwa mikono hii, gari la hospitali likiwa limekwama! Sikulala vizuri siku tatu.

Ikafika sikukuu ya mavuno, na Mama Mi-ran naye akafika mwisho wa uvumilivu. Alitaka meza ya mumewe ya kuandikia iondoke aweke cherehani. Akamlazimisha mumewe aape mbele ya meza ya wazee wao waliokufa, vyakula vikiwa vimepangwa na uvumba unawaka: mara ya ishirini ndiyo ya mwisho. Akishinda, vyema. Akishindwa, kalamu chini mpaka kaburini. Akaapa. Na kwetu, ukiapa mbele ya wazee huna pa kukimbilia.

Kwa hiyo Desemba ile mtaa mzima ulikuwa roho juu. Siku ya kupeleka bahasha, Baba Mi-ran alikuwa ametoka na pikipiki kurudisha nguo za watu, na kazi ya posta ilikuwa yangu tangu zamani kwa kuwa alisema nina mkono wa bahati. Hata ugomvi haukubadili hilo. Nikamkuta Mama Mi-ran amechuchumaa uani, kabichi mia za kusindika kwa ajili ya baridi zimemzunguka, mikono imejaa pilipili mpaka kwenye viwiko.

"Iko kwenye droo chini ya meza ya pasi!" akapiga kelele. "Ile yenye wino mwekundu! Jichukulie, mimi siwezi kushika kitu!"

Kwenye droo kulikuwa na bahasha mbili za kaki. Moja ina anwani ya gazeti kwa wino mwekundu, haijafungwa. Nyingine ni hotuba. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikazitoa zote mbili, nikamwaga makaratasi mezani, nikaanza kujitafuta. Ukurasa wa kumi sipo. Wa ishirini sipo. Nilikuwa ndio nimefika kwa Bwana Bong, pikipiki ikanguruma mlangoni. Nikarudisha makaratasi mbiombio, nikabeba yenye wino mwekundu, nikatoka na uso mkavu. Posta nikaifunga kwa gundi kwa mikono yangu mwenyewe.

Mshindi hupigiwa simu kabla ya Krismasi. Tarehe ishirini na nne Baba Mi-ran alikaa kando ya simu toka alfajiri, na mteja aliyetaka kuitumia alifukuzwa kwa hanga la nguo. Nilikwenda kumtazama, maana hasira au si hasira, ni jirani. Mchana ukapita kimya. Basi ili kujipa moyo akavuta droo aisome hotuba yake. Akafungua bahasha. Akageuka rangi.

"Mama Mi-ran," akaita. "Hii ni hadithi."

"Si ndiyo kazi yako, hadithi?"

"Hadithi iko hapa! Seoul umepeleka nini?"

"Mimi nimepeleka? Mimi nilikuwa na kabichi!"

"Kabichi! Miaka ishirini, mwanamke wewe, unaniua kwa kabichi!"

Mama Mi-ran akaanza kulia. Ningeweza kunyamaza. Nilitaka kunyamaza, wallahi. Lakini yule mwanamke alikuwa analia kwa kosa langu, na mimi nimesimama pale kama mgeni.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa naitafuta nafasi yangu. Nimechanganya."

Sikutukanwa. Afadhali angenitukana. Alikaa juu ya furushi la nguo chafu, akaitazama ile simu, akasema, "Basi imekwisha." Akafunga duka, na wiki nzima pasi ilikuwa baridi. Mimi nililia saluni mpaka mteja akadhani nimefiwa na mume. Mume wangu alikufa zamani, na hata yeye sikumlilia vile.

Januari mosi iliangukia Jumapili. Nilifungua kwa ajili ya shangazi mmoja aliyekuwa na harusi, na alikuwa kichwa kimejaa rola Baba Mi-ran alipoingia na gazeti mkononi na yale makaratasi ya hadithi kwapani. Wiki nzima hakuwa ametia mguu kwangu. Hakusalimu. Akasoma kwa sauti, chini kabisa ya maneno ya majaji:

"'Mshiriki mmoja ametuletea hotuba ya kushukuru peke yake, kurasa sitini, bila hadithi. Hatuwezi kumpa tuzo mtu kwa kutushukuru kwa tuzo. Ila tumesomeana kwa sauti mara mbili, tumecheka na tumenyamaza, na tungependa kujua kama dobi na mwenye saluni wamepatana.'"

"Haya, mmepatana?" akauliza shangazi toka chini ya drai.

Mama Mi-ran naye alikuwa ameshaingia, mwiko mkononi, maana alimwona mumewe akitoka ndani kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Nimekaa na hii hadithi siku saba," akasema Baba Mi-ran, akaitupa kwenye meza ya vitana. "Jenerali yuko mlimani kwenye theluji, juu ya farasi, anawaza. Kurasa themanini anawaza. Mama Eun-sil, niambie kweli. Jenerali huyu anachosha?"

"Anachosha."

"Na yule wa mwaka jana?"

"Ni huyuhuyu, ulimbadilishia farasi."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu sabini na tano."

"Miaka yote! Kwa nini hukusema?"

"Ningetolewa kwenye hotuba."

Akamgeukia mkewe. "Na wewe?"

"Mimi nilikuwa wa kwanza," akasema Mama Mi-ran. "Ulitaka nijitafutie hasara?"

Shangazi akacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tuliuona uso wa Baba Mi-ran. Mtu mzima amekaa miaka ishirini kwenye mvuke akitungoja tumwambie neno moja, na sisi tunamlipa tofu. Niliona aibu, aibu ya kweli, nikageuka nikashika rola isiyo na kazi.

"Kumbe nilikuwa nawahonga," akasema polepole.

Kisha akavuta kigoda, akatoa ile kalamu nyekundu mfukoni. "Hotuba iko Seoul, na magazeti hayarudishi kitu. Sasa hakuna mwenye nafasi ya kupoteza. Anza ukurasa wa kwanza. Niambie."

"Na kiapo?" Mama Mi-ran akauinua mwiko. "Uliapa ishirini!"

"Hadithi ya ishirini ilibaki kwenye droo. Nimepeleka kumi na tisa."

"Wazee hawajui kuhesabu?"

"Waulize. Mama Eun-sil, anza."

Nikaanza. Nikamwambia farasi aondoke, akamkata. Mlima ukaondoka, theluji ikafuata. Mama Mi-ran akasema jenerali anaongea kama diwani, akamkata na jenerali. Muda si mrefu mkewe ameketi, mwiko uko sakafuni, naye anaelekeza kwa kidole, "Na hapo! Na hapo!" Kila neno lilimuuma, nililiona likimuuma, lakini mkono haukusimama. Shangazi alichelewa harusi.

Ukurasa ukawa mwekundu wote, ikabaki sentensi moja katikati. Akaisoma: "Aliyemfulia jenerali ndiye pekee aliyejua kwamba analia, maana mikono ya shati lake ilirudi na chumvi."

Akanitazama. Nilikuwa na lile neno letu la kila Novemba mdomoni, "mwaka huu ni wako," limeshazoea njia. Nikalimeza.

"Halafu?" nikamwuliza. "Huyo aliyefua, akafanyaje?"