Meneja wa Mazoezini

Mama Ndoo alisugua vyoo vya jengo lile la ghorofa tisa kwa miaka ishirini na miwili. Dawa ya kusafishia ilimbambua vidole kama ganda la kitunguu, ndiyo maana umoja wa wasafishaji ulipoanza, yeye alidai glavu kwanza, mengine kama saa ya mapumziko baadaye.

Msemaji wao wa kwanza alikuwa na ulimi wa asali. Meneja akampa cheo, asali ikakauka. Basi wakakata shauri: tangu leo msemaji atapatikana kwa kuvuta vijiti, mlangoni pa meneja, dakika hiyo hiyo. Kwa hiyo ilibidi wote wafundishwe kusema, mwoga na jasiri.

Mwalimu akawa Mama Ndoo. Kila Jumamosi mchana, katika chumba cha mifagio, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akajifanya meneja. Na alikuwa meneja haswa! Anakatiza, anapiga miayo, anatazama saa. "Umesoma mpaka wapi wewe? Toka!" Binti wa kaka yake, naye msafishaji, waliyemwita Kisauti kwa jinsi anavyoongea kwa kunong'ona, alilia mara mbili. Shangazi mtu hakujua kama anamkomaza au anamvunja.

Mwezi mmoja kabla Mama Ndoo hajastaafu, meneja alikubali kuwasikiliza. Wakavuta vijiti. Kijiti kifupi kikamwangukia Kisauti.

"Tumekwisha," alinong'ona mzee anayesafisha lifti. "Huyu hata akikanyagwa, yeye ndiye anayeomba radhi."

Mama Ndoo nusura ampokonye kile kijiti. Akajizuia. Wakishindwa leo, glavu ndio basi, na mkosaji ni yeye aliyefundisha.

Ndani, Kisauti akaanza kwa sauti ya mbu. Hajafika mbali, meneja akamkatiza: "Ngoja kwanza, bajeti ya mwaka huu..."

"Aa, Mama Ndoo, niache nimalize! Kila siku unanikatiza hapo hapo!"

Meneja akageuka nyuma kutazama kama kuna mtu.

"Mama Ndoo ndiye nani?"

"Shangazi yangu yule pale. Mazoezini yeye ndiye wewe," Kisauti akajibu, jasho likimtiririka. "Samahani, bosi. Ila yeye ni mkali zaidi."

Meneja akaangua kicheko, na wengine wakapata ruhusa ya kucheka. "Haya, binti, malizia."

Akamalizia. Sauti ilimtoka tumboni: wasafishaji kumi na wanne, wanane wameungua mikono, na huyu hapa wa kwanza, mwonyeshe, shangazi. Mama Ndoo akanyoosha mikono; meneja akavitazama vile vidole, kisha akatia sahihi karatasi ya glavu. Saa ya mapumziko akasema ataifikiria.

Kwenye ngazi Mama Ndoo akajibwaga chini, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia.

"Nimekuaibisha, shangazi?"

"Sana," akasema, huku akicheka na kufuta machozi kwa kanga. "Nani alikufundisha kumfokea meneja?"

"Jumamosi nitakaa mimi kwenye ndoo," Kisauti akasema. "Wewe ulizidisha."

"Nilizidisha, mwanangu," Mama Ndoo akakubali, naye akabaki ameketi pale, hana haraka ya kuinuka.